Fahali si Fahari

Mariamu alinipigia simu Alhamisi saa nne asubuhi kunieleza kwamba mama yake, Zaituni, ametutoka, nami nikamjibu kama mtu asiyeijua dunia: "Pole sana, mwanangu. Nitakuja Jumamosi." Kwetu sisi Wakikuyu msiba hungoja watu. Kuna mikutano ya jioni juma zima, kuna kamati, kuna wajomba wanaobishana juu ya sanduku. Kwa hivyo nikaanza kujipanga. Nilinunua sukari na majani ya chai ya kupeleka, nikamtafuta mtu wa kunilishia kuku hapa Theta ninapoishi tangu nistaafu, nikapiga pasi rinda langu jeusi. Jumamosi saa tano nikafika Mwiki, kule Ruiru, nikakuta mkeka umetandikwa uani, wanawake watatu wanachambua mchele, na Zaituni yuko chini ya udongo tangu Alhamisi ile ile kabla ya alasiri. Karibu kila mwaka kwa miaka arobaini nimekula Idi katika nyumba ile. Nilijua vizuri kabisa kwamba Waislamu hawaweki maiti. Lakini simu ile ilinivuruga, kichwa kikanirudisha kwetu, na rafiki yangu akazikwa mimi nikiwa dukani nachagua sukari. Mariamu alinishika mikono akasema, "Usijali, anti. Hata ungekuja, ungemkuta tu amefunikwa." Nilikaa kwenye mkeka nikalia kwa sauti kubwa, jambo ambalo wale wanawake hawakulipenda sana, na mmoja wao akainuka kuniletea maji.

Nililia kwa sababu nyingine pia, ambayo hakuna aliyeijua pale uani. Kuna neno moja nililopaswa kumpa Zaituni tukiwa wasichana wa miaka kumi na tisa, sikumpa, na kwa miaka yote hiyo nilikuwa nikingoja siku nzuri ya kulisema. Mambo ya kwetu, wazazi na mashamba na nani alizaliwa kabla ya nani, nitayaacha, maana hayana hatia katika jambo hili. Nitaeleza mwaka mmoja tu, mwaka niliokaa Kiganjo, Thika, katika chumba cha tatu mkono wa kushoto.

Ploti ilikuwa ya mama yake Zaituni. Vyumba sita vilitazamana, mfereji wa maji katikati, kamba za nguo juu, na mwisho wa ua choo ambacho mlango wake ulifungwa kwa msumari uliopindwa. Mama na Zaituni walikaa vyumba viwili vya mbele, changu kikifuata, na baina yetu ukuta wa mbao ambao fundi alikuwa ameuacha futi moja kabla ya kufika kwenye mabati. Mwanga wa taa yao ulimwagika kwangu, harufu ya vitunguu vyao ilihamia kwangu, na maneno yao yote yalivuka bila hodi. Nilijua Mama anadai nani kuku, anamwombea nani, na anamwonaje mpangaji mpya ambaye ni mimi. "Huyu msichana mwembamba," nilimsikia akisema usiku wa kwanza, "anakula kweli? Kesho umwite." Basi kesho yake nikaitwa, na sikuacha kuitwa. Nilikuja na sufuria yangu ya githeri, mahindi na maharagwe yaliyokauka, nikaiweka chini kwa aibu mbele ya wali na ndengu, na Mama akaichota githeri ile akala mwanzo hadi mwisho, akasema ina chumvi nzuri. Haikuwa na chumvi kabisa.

Zaituni na mimi tulifundisha pamoja shule ya chekechea iliyokuwa nyuma ya soko. Tulikuwa walimu wasio na cheti, tulioajiriwa kwa sababu tulimaliza kidato cha nne na tuliweza kuimba. Yeye alizaliwa na Kiswahili mdomoni, mama yake, nyanya yake na majirani zao wote wakiwa watu wa Kiswahili. Mimi nilikipata shuleni, tena kutoka kwa walimu waliokipata shuleni, na ulimi wangu haukuwa umesikia habari ya herufi l. Nilisema "kurara", nilisema "mwarimu", na nikijitahidi sana kujisahihisha niliharibu hata yale yaliyokuwa sawa, nikasema "lafiki yangu". Zaituni aliichukua kazi hiyo kama wito. Jioni tukikaa kwenye kizingiti tukimenya viazi, alinisemesha: "Halima alilima limau." Nami: "Harima aririma rimau." Alicheka mpaka kisu kikamponyoka. "Weka ulimi juu, nyuma ya meno, uuache hapo. Usiutetemeshe kama mtu anayesikia baridi!" Mama kutoka ndani alikuwa akisema, "Mwache mwenzako, na wewe ukienda kwao ukasema Kikikuyu watakuzika." Lakini Zaituni hakuniacha, nami sikutaka aniache. Hakuna mtu mwingine aliyewahi kujishughulisha namna ile na kinywa changu.

Ni Zaituni aliyetunga hadithi ya fahali na yangeyange. Nyuma ya shule palikuwa na kiwanja cha nyasi walikofungwa ng'ombe wakingoja siku ya mnada, na ndege wale weupe wenye miguu mirefu walishinda pale, wengine chini, wengine juu ya migongo, wakidonoa kupe. Watoto waliwaita ndege wa ng'ombe. Zaituni aliwafundisha jina lenyewe, yangeyange, na walilipenda hivi kwamba juma zima hakuna aliyetaka kusema jambo lingine. Siku moja ya mvua, tukiwa hatuwezi kutoka, alichora fahali ubaoni, mweusi ti, akajaza chaki ya bluu kwa sababu nyeusi haikuwepo, akaanza. Palikuwa na fahali mkubwa na yangeyange mdogo. Fahali alikuwa na nguvu lakini hakuona mbali, maana kichwa chake kilikuwa majanini siku zote. Yangeyange hakuwa na nguvu lakini aliona mbali, maana alisimama juu ya mgongo wa fahali. Wakapatana: wewe unibebe, mimi nitakuonea. Siku moja yangeyange akiwa pale juu akamwona mtu anakuja kutoka ng'ambo ya mto, mkononi ameshika kamba. Akamwona anavuka. Akamwona anafungua lango. Yangeyange akanyamaza. Fahali akafungwa kamba, akapelekwa. Na tangu siku hiyo yangeyange humfuata kila ng'ombe malishoni, akimtazama usoni, akimtafuta yule wake.

Hapo aliishia. Watoto arobaini walikaa kimya, na kama umewahi kuwa na watoto arobaini wa miaka mitano siku ya mvua utajua hilo ni jambo gani. Kisha mmoja akauliza, "Mbona hakumwambia?" Zaituni akapangusa vidole vyake, akasema, "Sijui. Niambieni nyinyi." Mikono ikainuka kila upande. Mmoja alisema ndege alikuwa na chakula mdomoni na mama yake amemkataza kuongea akila. Mtoto wa mwenye duka la mabati, Singasinga mdogo aliyevaa kilemba cha bluu, alisema ndege alifikiri mtu yule anakuja kucheza kuvuta kamba. Msichana mmoja alisema walikuwa wamekosana. Mwingine, mwana wa muuza samaki, alisema ndege hakujua Kiswahili. Zaituni alisikiliza kila jibu kama mahakama, akisema "huenda", "huenda", na hakumpa hata mmoja ushindi.

Zamu yangu ilikuwa darasa la alasiri, na nikaisimulia hadithi ile ile. Nilijitahidi. Nikaweka ulimi juu, nyuma ya meno. Nikasema, "Paritokea Fahari mkubwa." Watoto wakalichukua kuwa jina lake. Kufikia Ijumaa shule nzima ilikuwa ikiimba "Fahari, Fahari, Fahari na yangeyange", na Zaituni alinijia akiwa ameshika kiuno. "Njeri, mimi natunga ng'ombe, wewe unanitolea sifa! Ni fahali. La, la, la." Nikamwambia watoto wamezoea. "Wazoee vingine. Fahari ni kitu cha kujivunia, shoga. Fahali ni wa kuchinjwa. Ukimwita Fahari, siku akifungwa kamba itauma maradufu." Mwaka mzima hakukubali kushindwa kwa neno hilo. Kila nikikosea, hata mbele ya watu, alinong'ona pembeni, "Fahali si fahari," nami nikamfinya.

Watu wazima hudhani hadithi za wanyama marafiki ni za kulaza watoto. Wazazi wengi walinijia miaka iliyofuata wakitaka zile tamu, za panya na tembo waliosaidiana na jioni wakala keki. Mimi nimezisoma nyingi, za kwetu na za kutoka ng'ambo, na kwa maoni yangu zile zinazodumu zote zina kamba mahali fulani. Mmoja ni mkubwa na mwingine mdogo. Mmoja ana kitu, mwingine anakitaka. Na msimu unabadilika. Tunaweka wanyama kwa sababu ya haya. Ukimwambia mtoto kwamba palikuwa na mtu aliyemsaliti rafiki yake, atakuuliza huyo mtu anaitwa nani na anakaa wapi. Ukimwambia ni yangeyange, atatulia ajitafute mwenyewe ndani yake. Nilikuwa na miaka kumi na tisa wakati ule na sikujitafuta. Niliona tu kwamba Zaituni ana kipaji kunizidi, nikamwonea fahari, na mahali fulani chini ya fahari hiyo nikamwonea kijicho.

Muhula wa tatu Mama aliugua homa ya mapafu. Zaituni aliomba ruhusa akae nyumbani amuuguze. Jumatatu ya juma hilo mwalimu mkuu wetu, Mwalimu Wambui, mama mnene mwenye roho nzuri ambaye ulimi wake ulikuwa kama wangu, aliniita kando wakati watoto wanakunywa uji. "Njeri, wewe si unakaa kwa akina Zaituni? Mwambie Ijumaa kabra ya saa sita arete vyeti vyake vya shure hapa. Fomu za chuo cha uarimu zimekuja. Wanachukua mtu mmoja tu kutoka kwa shure yetu, rakini nataka nyinyi wawiri mjaze, Mungu achague." Nikasema, "Sawa, Mwarimu." Nilirudi darasani nikawafuta watoto midomo mmoja mmoja. Mungu hakuwa na kazi ya kuchagua. Sote tulijua angechaguliwa nani.

Jioni hiyo niliingia kwao. Mama amelala amefunikwa mablanketi matatu, pumzi yake inakwaruza. Zaituni macho mekundu, kanga ameifunga vibaya. Aliniwekea sahani kabla sijaketi.

"Watoto wananiulizia?"

"Wanakuulizia."

"Na Mwalimu Wambui?"

"Anakusarimia."

"Anakusalimia," alinisahihisha, akatabasamu kwa uchovu. "Hakuna jipya?"

Nilikuwa na kijiko cha ndengu njiani kuelekea mdomoni. Nikazila. "Hakuna," nikasema.

Nilijiambia nitamwambia kesho, Mama akipata nafuu. Jumanne nilijiambia hawezi kumwacha mgonjwa hata hivyo, na kumwambia kitu asichoweza kukipata ni kumtesa. Jumatano aliniomba nishike beseni amsugue Mama mgongo, nikalishika, mvuke wa maji ya mikaratusi ukitupanda usoni, na Mama akanishika mkono wangu wenye maji akaniita mwanangu. Alhamisi ningeweza bado. Nakumbuka nilisimama upande wangu wa ukuta wa mbao, kiganja nimekiweka juu ya ubao, nikimsikia Zaituni akimsimulia mama yake hadithi kama mtoto, kwa sauti ya chini, ili apate usingizi. Neno moja tu, na lingevuka lenyewe bila hodi. Nilizima taa nikalala. Ijumaa saa tano Mwalimu Wambui aliniuliza, "Zaituni amesemaje?" Nikamjibu, "Mama yake ni mgonjwa sana." Kila neno katika jibu hilo lilikuwa la kweli. "Ngai! Pore yake," akasema, akaiweka fomu yangu peke yake kwenye bahasha.

Jumapili alasiri Mwalimu Wambui alikuja kumwona mgonjwa. Nilikuwa chumbani kwangu nikishona kifungo. Nilisikia hodi, nikasikia kiti kikivutwa, nikasikia habari za ugonjwa na dawa na uji, na Mama akicheka kidogo, maana alikuwa ameanza kupata nafuu. Kisha nikamsikia Mwalimu Wambui akisema, "Njeri ametuereza," na papo hapo mvua ikaangukia mabati. Mvua ya Thika haikuanza kwa kunyunyiza siku hiyo. Ilimwagwa yote kwa pamoja, na kwa dakika ishirini sikusikia chochote ila mabati, nimeketi kitandani nimeshika sindano. Ilipokoma mgeni alikuwa ameshaaga. Nikangoja. Nilidhani mlango utapigwa teke. Ukabishwa hodi taratibu, na Zaituni akaingia na sahani ya mahamri iliyofunikwa kwa kitambaa. "Kula, yasipoe," akasema. Akakaa kando yangu, akanitazama nikila la kwanza. Nilisema kitu, sikumbuki ni nini, kitu cha kuziba kimya, juu ya watoto na wimbo wa Fahari na yangeyange. Akaitikia kwa kichwa tu.

Tangu siku hiyo hakunisahihisha tena. Nilidhani ulimi wangu umenyooka, au amechoka kwa kuuguza. Mtu hujidanganya kwa ustadi akitaka kulala usingizi.

Barua yangu ya chuo ilikuja Januari. Mama alipiga vigelegele uani mpaka wapangaji wakatoka. Zaituni aliniambia, "Hongera, mwalimu," na siku ya safari alinibebea begi hadi stendi. Pale alinipa daftari lililofungwa kwa gazeti. Ndani alikuwa ameandika hadithi zake zote kwa mkono, pamoja na michoro. "Utazihitaji kuliko mimi," akasema. Nilimkumbatia nikalia, akanipapasa mgongo. Kisha akaondoka. Nilimfuata kwa macho nikiwa nimeinua mkono tayari, nikingoja ageuke nimpungie, kwa maana hivyo ndivyo tulivyokuwa tukiagana kila siku kwenye kona ya soko, yeye akigeuka mara tatu. Alipita kibanda cha mkaa, akapita ukuta wa shule. Hakugeuka. Nikadhani ana haraka, mama yake yuko peke yake.

Sitasema maisha yake yaliharibika, angeniona mwongo. Aliolewa Ruiru na fundi wa redio, mtu mpole. Alikaanga mahamri na viazi karai pale Mwiki hadi miguu ilipokataa, na alicheka kuliko mimi siku zote za maisha yake. Lakini hakuwahi kusimama tena mbele ya ubao. Nilipohamishiwa shule ya Ruiru alikuja siku moja kunitazama nikifundisha, akaketi nyuma kwenye kiti kidogo cha watoto, buibui limemzunguka. Niliwasimulia fahali na yangeyange, jinsi nilivyokuwa nikiisimulia kwa miaka mingi: yangeyange alimwona mtu mwenye kamba, akapiga kelele, fahali akakimbia msituni, wakaishi raha mustarehe. Wazazi waliipenda sana. Nilisema "fahali" kwa l safi kabisa. Baada ya kengele Zaituni alinijia, macho yanacheka. "Umemfufua ng'ombe wangu," akasema. "Na uzito ule, ulimbebaje?" Tukacheka. Wakati wa kutoka nilimwona akiokota kipande cha chaki chini ya ubao, akakinusa, akakitia kwenye mkoba wake. Siku hiyo ndiyo nilikaribia kusema. Nilifungua mdomo, nikamuuliza kama atakunywa chai.

Basi Jumamosi hiyo nimekaa kwenye mkeka, chai ya tangawizi imepoa mikononi mwangu, mjukuu wa Zaituni akaja kukaa karibu yangu. Anaitwa Rukia, ana miaka saba na pengo mbele. Alinitazama kama mtu anayelinganisha picha.

"Shosho, wewe ndiye Njeri?"

"Rukia!" Mariamu akamkemea kutoka jikoni. "Shosho Njeri. Ni kama nyanya yako, si mwenzako huyo."

"Shosho Njeri," akajirekebisha. "Bibi alikuwa ananiambia stori yako."

"Yangu gani?"

"Ya Fahari."

Ualimu ni ugonjwa; hata msibani hautulii. "Fahali," nikamwambia. "La. Fahari ni kitu kingine."

"Apana." Alitikisa kichwa kwa uhakika wa mwenye mali. "Ni Fahari. Mimi pia nilimwambia Bibi ati kwa kitabu yetu ya shule ni fahali, akasema huyu wake ni Fahari. Rafiki yake ndivyo alikuwa anamwita."

Nikamwomba anisimulie. Alisimulia akiwa amepiga magoti, mikono yote kazini, na ilikuwa hadithi ile ile ya siku ya mvua, mgongo, mto, lango, kimya. Hapakuwa na kelele wala msitu. Hapo nilipojua inaishia, haikuishia.

"Fahari akafungwa kamba," akasema. "Akajua. Akajua yangeyange aliona huyo mtu. Lakini akaenda tu. Hakugeuka nyuma."

Nilimuuliza kwa nini hakugeuka.

"Sababu angegeuka, yangeyange angeona kwa macho yake ati anajua. Angeona haya, aruke aende mbali, asirudi tena. Na Fahari alitaka awe anarudi."

Mariamu alikuwa amesimama mlangoni akikausha mikono. "Hiyo stori, aki, Mama aliisimulia mpaka tukaichoka," akasema. "Hiyo mwisho ilikuwa yake. Sisi pia alituambia hivyo hivyo tukiwa wadogo." Mariamu ana miaka thelathini na minane. Nikahesabu Idi zote nilizokula katika nyumba ile, sahani zilizofunikwa kwa kitambaa, mara zote alizonisindikiza getini. Alijua tangu mvua ile. Alijua alipoketi kando yangu kunitazama nikila. Alinyamaza miaka arobaini ili niweze kurudi, nami nikanyamaza miaka arobaini kwa sababu nilidhani hajui, na sasa mmoja wetu hayupo wa kumwambia mwenzake kwamba inatosha. Nilitamani angeupiga teke mlango siku ile. Nilitamani hilo kwa hasira, hasira kwake, na hasira hiyo ilinitia aibu kuliko yote.

Rukia alinivuta kiwiko cha mkono. "Sasa Shosho, mbona hakumwambia? Bibi alikuwa anasema yeye hajui, niulize watu. Nimeuliza watu wengi."

Swali hilo nimelikwepa mbele ya watoto pengine elfu moja, kila mara nikikimbilia msituni na ng'ombe wa uongo. Hapa Theta nikiosha vyombo asubuhi huwaona yangeyange wakifuata ng'ombe wa jirani, hatua kwa hatua, shingo zimenyooka, na huwa nafunga dirisha. Niliweka kikombe chini. "Alitaka kuwa juu," nikamwambia. "Alijua nafasi ni moja, akataka awe juu peke yake."

Mtoto alichezea pengo lake kwa ulimi. Wale wanawake watatu walikuwa wameacha kuchambua mchele.

"Lakini Shosho," akasema, "na Fahari ashaenda, alisimama juu ya nini?"

Nimefundisha miaka thelathini na saba. Nilimtazama mtoto yule, nikamwambia, "Sijui. Niambie wewe."